Televisheni ya Dijitali Inapochelewa Kufika Mikoani

Televisheni ya dijitali ya ardhini hurushwa kutoka kwenye mnara, hunaswa na antena ya nyumbani, na hufasiriwa na king'amuzi kabla ya kuonekana kwenye kioo. Tanzania ilianza kuitegemea usiku wa 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Dodoma na Tanga zilifuata 31 Januari 2013, Mwanza 28 Februari, Arusha na Moshi 31 Machi, Mbeya 30 Aprili. Mwaka 2014 ikaja awamu ya pili, iliyogusa miji kama Singida, Tabora, Musoma na Bukoba. Ratiba hiyo ikichorwa kwenye ramani inakuwa nukta chache katika nchi yenye takriban kilomita za mraba 945,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania karibu milioni 45, na takriban saba kati ya kila kumi walikuwa vijijini, yaani katikati ya nukta hizo. Kwao dijitali ilibaki habari ya redioni: ilitangazwa, ikasifiwa, ikaanza kwa wengine.

Sababu zinazotajwa kwa kawaida ni uhaba wa fedha, ubovu wa barabara na ukosefu wa umeme. Zote ni za kweli, ila hazielezi kwa nini minara ya simu za mkononi iliwahi kupanda kwenye vilima vilevile. Mnara wa simu hulipwa na kila anayeongea chini yake. Mnara wa televisheni haujui hata ni nani anayeutazama. Tena dijitali ilileta jambo ambalo analojia haikuwa nalo: ilimtenganisha mwenye kituo, anayetaka watazamaji, na mwenye mnara, anayebeba gharama ya kuwafikia. Kuchelewa kwa mikoani kunaeleweka vizuri zaidi kuanzia kwenye mtengano huo kuliko kuanzia kwenye barabara mbovu.

Uamuzi wa kuhama haukuanzia Afrika Mashariki. Mwezi Mei na Juni 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liliitisha mkutano mjini Geneva uliopanga upya masafa ya televisheni kwa Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Iran. Makubaliano yaliyotiwa saini huko, yanayojulikana kama GE06, yaliweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuilinda analojia katika masafa ya UHF. Baadhi ya nchi ziliongezewa hadi 17 Juni 2020 kwa masafa ya VHF. Neno la kuzingatia ni kulinda. Hakuna polisi wa kimataifa ambaye angekuja kuzima mtambo. Ila baada ya tarehe hiyo kituo cha analojia kilichoingiliwa na mawimbi ya dijitali ya nchi jirani kisingekuwa na pa kulalamika, na mawimbi hayaombi pasi mpakani: yanayorushwa upande mmoja wa mpaka hunaswa upande wa pili. Kwa hiyo serikali zilikuwa na tarehe ya kuzima, lakini hazikuwa na tarehe yoyote ya kimataifa ya kufika. Makubaliano hayasemi popote kwamba kijiji fulani lazima kiwe na mnara kabla ya mwaka fulani.

Tanzania ilijiwekea kanuni ya busara hapa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliamua kwamba analojia izimwe tu mahali ambapo dijitali imekwisha kuwashwa. Kanuni hiyo iliwalinda wa mikoani wasiachwe gizani kwa amri. Haikuwalinda dhidi ya jambo la polepole zaidi, yaani mitambo ya analojia iliyoachwa ichakae kwa sababu hakuna mwekezaji anayenunua vipuri vya teknolojia iliyokwisha kuhukumiwa. Baadhi ya halmashauri zilikuwa na mitambo yao midogo, iliyopokea matangazo ya setilaiti na kuyarusha upya kwa wakazi wa mji wa wilaya. Mtambo wa namna hiyo ukiungua mwaka 2013, diwani gani angepitisha bajeti ya kuufufua?

Ili kuona mtu wa mbali alipoteza nini hasa, ni lazima kukumbuka analojia ilivyokuwa ikidhoofika. Mawimbi yake yalipungua nguvu kidogo kidogo kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na mnara, na picha ilipungua pamoja nayo. Kwanza rangi zilififia, kisha zikaja chenga, kisha watu wakawa vivuli ndani ya chenga, lakini sauti iliendelea kusikika. Mtoto alitumwa nje kuzungusha mlingoti wa antena, baba akiwa sebuleni akipaza sauti, "Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha kidogo," na jirani aliyekuja kutazama mpira akithibitisha kwamba sasa namba ya jezi inasomeka. Picha ile haikuwemo kwenye takwimu yoyote rasmi ya usikivu. Wahandisi wangeihesabu kuwa haifai. Hata hivyo ilitazamwa, na pengine na maelfu ya kaya zilizo nje kabisa ya duara lililochorwa kwenye ramani ya kituo.

Dijitali haina chenga. King'amuzi hupokea tarakimu, hurekebisha makosa yaliyotokea njiani kwa hesabu zilizowekwa makusudi ndani ya mawimbi, na hutoa picha safi ileile kwa aliye kilomita tano na aliye kilomita hamsini. Urekebishaji huo una kikomo. Makosa yakizidi kiwango, picha huanza kugandaganda na kukatika vipande vya mraba, sauti hukwama katikati ya neno, na baada ya hapo ni kioo cheusi chenye maandishi kwamba hakuna mawimbi. Kati ya picha safi na giza kuna tofauti ndogo sana ya nguvu ya mawimbi. Mti uliostawi mbele ya antena unatosha kuivuka. Ndiyo maana mafundi wa antena walipata malalamiko ya ajabu mwanzoni mwa mwaka 2013: nyumba mbili zinazopakana, moja inaona kila kitu, nyingine haioni chochote. Mtazamaji wa pembezoni, aliyekuwa akivumilia chenga kwa miaka, hakuboreshewa picha. Aliondolewa kwenye orodha.

Aina ya masafa nayo ilichangia. Televisheni ya dijitali iliwekwa zaidi kwenye UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu. Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa nusu mita, wakati lile la VHF la megahezi 200 lina mita moja na nusu. Wimbi fupi hupinda kwa shida zaidi kilele cha mlima, na hunyonywa zaidi na majani mabichi. Antena ndefu ya vyuma iliyonunuliwa kwa ajili ya VHF hainasi UHF ipasavyo, na waya mwembamba ulioshuka mita thelathini kutoka kwenye mlingoti hadi sebuleni hupoteza sehemu kubwa ya kile kidogo kilichonaswa. Wengi walinunua kikuza mawimbi cha bei nafuu na kukifunga nyuma ya televisheni. Hapo kinakuza kila kitu, pamoja na kelele zilizokwisha kuingia njiani; mahali pake ni juu, kwenye antena, kabla ya waya kuanza. Fundi mzuri wa mkoani alijua hilo. Wateja wake hawakutaka kumlipa apande mara ya pili.

Umbo la dunia ndilo linaloamua mengine. Kwa mawimbi ya aina hii mnara husaidia hadi upeo wa macho na kidogo zaidi. Mnara wa mita 150 kwenye ardhi tambarare na antena iliyo mita kumi juu ya ardhi vinaweza kuonana hadi kilomita sitini na kitu. Kwa usalama wa kihandisi, mtu akikadiria kilomita hamsini hajakosea sana. Duara la kilomita hamsini lina eneo la takriban kilomita za mraba 7,850. Mkoa wa Tabora peke yake, wenye zaidi ya kilomita za mraba 76,000, unahitaji maduara kama hayo kumi hata kabla ya kuyapishanisha ili yasiache mianya, na nchi nzima inahitaji zaidi ya mia moja. Hesabu hiyo inachukulia kwamba ardhi ni tambarare. Katika milima ya Usambara, Uluguru na Livingstone, kijiji kinaweza kuwa kilomita nane tu kutoka kwenye mnara na kisione kitu, kwa kuwa kimejikunja nyuma ya mgongo wa mlima.

Teknolojia yenyewe ina dawa ya tatizo hilo. Katika dijitali, minara kadhaa inaweza kurusha mawimbi yaleyale kwenye masafa yaleyale bila kuharibiana, jambo ambalo kwa analojia lingezaa picha mbili mbili kwenye kioo. Katika mfumo wa DVB-T, ukipangwa kwa nafasi yake kubwa ya usalama, mawimbi ya mnara mmoja yanaweza kumfikia mtazamaji yakiwa yamechelewa kwa maikrosekunde 224, sawa na safari ya kilomita 67, na king'amuzi bado kikayatumia. Mtambo mdogo unaweza kufungwa juu ya kilima, ukapokea kutoka kwenye mnara mkubwa na kumwagia bonde lililofichika. Kwa maneno mengine, hakuna kijiji cha Lushoto ambacho fizikia inakizuia kupata dijitali. Kinachobaki ni swali la nani atanunua mtambo huo, nani atalipa umeme wake, na kwa nini.

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu moja. Kituo cha televisheni kilikuwa na studio, leseni, masafa na mnara wake. Kikitaka watazamaji wa Mwanza kilijenga Mwanza. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zilizofuata zilivunja mpangilio huo. Chaneli moja ya masafa, yenye upana wa megahezi nane, iliyokuwa ikibeba kituo kimoja cha analojia, ilikuwa na uwezo wa kubeba vituo kumi na zaidi kwa dijitali. Isingekuwa na maana kila kituo kujenga mnara wake. Tanzania Bara ilitoa leseni kwa wasambazaji watatu: Star Media, ubia wa kampuni ya StarTimes ya China na Shirika la Utangazaji Tanzania, Agape Associates, iliyouza huduma yake kwa jina la Ting, na Basic Transmissions. Mwenye kituo alibaki na vipindi tu. Ni kama wenye magari madogo kulazimishwa kuyaacha na kupanda basi moja kubwa: nauli ya kila mmoja inapungua na barabara inapata nafasi, ila njia ya basi sasa inapangwa na mwenye basi.

Mwenye basi huenda penye abiria. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 kwenye kilomita za mraba zisizofika 1,400. Mnara mmoja mzuri unawafikia karibu wote, na sehemu ya duara lake iangukiayo baharini haimuumizi mtu. Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 864,652 kwenye kilomita za mraba zaidi ya 66,000, wastani wa watu kumi na tatu kwa kila kilomita ya mraba. Mnara uleule ukisimamishwa katikati ya Lindi ungefikia watu laki moja hivi, kaya zisizozidi 30,000, na mwaka 2012 kaya nyingi kati ya hizo hazikuwa na umeme. Gharama haipungui kwa sababu watu ni wachache. Mtambo wa kilowati moja wa kizazi kile ulivuta kilowati nne au tano kutoka kwenye umeme wa gridi, yaani yuniti mia moja na ushee kwa siku, bado kiyoyozi cha kupoza chumba, jenereta na dizeli yake, mlinzi, na kodi ya kiungo cha setilaiti au mkongo kinacholeta vipindi kutoka Dar es Salaam. Matangazo ya biashara ya sabuni na soda hulipwa kwa kuangalia watazamaji wenye fedha mfukoni. Msambazaji aliyesubiri kabla ya kwenda Liwale, mkoani Lindi, hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anajua kujumlisha.

Uingereza inatoa ushahidi kwamba umaskini wa nchi sio kiini cha jambo hili. Nchi hiyo ilizima analojia kwa zamu, kuanzia mji wa Whitehaven mwaka 2007 hadi Ireland ya Kaskazini mwezi Oktoba 2012. Vituo vya umma vilibanwa na masharti kufika kila palipokuwa na analojia, na vikafikia asilimia 98.5 ya kaya kwa kutumia minara zaidi ya 1,100. Wasambazaji wa biashara hawakubanwa hivyo. Wao walijenga kwenye minara ipatayo themanini, wakafikia takriban asilimia 90 ya kaya, wakasimama. Minara elfu moja na ziada ilihitajika kwa ajili ya asilimia nane na nusu za mwisho, na hakuna mfanyabiashara aliyeiona kuwa na faida hata katika nchi tajiri yenye barabara za lami na umeme usiokatika. Watu wa mabonde ya Wales na Uskoti hadi leo hupata chaneli chache kuliko wa London kwa antena ya aina ileile. Australia nayo ilianza na Mildura tarehe 30 Juni 2010 na kumaliza Desemba 2013, lakini haikujidanganya kwamba minara ingefika kila mahali: ilianzisha huduma ya setilaiti iitwayo VAST kwa ajili ya waliokuwa nje ya minara, na kuihesabu kuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Kenya ilipitia njia yenye kelele zaidi. Dijitali ilizinduliwa Nairobi Desemba 2009, chini ya Signet, kampuni tanzu ya shirika la utangazaji la Kenya, KBC, na mwaka 2011 leseni ya pili ya usambazaji ikaenda kwa kampuni ya Kichina ya PANG. Wenye vituo vikubwa vya binafsi waliliona mapema lile ambalo wenzao wa Tanzania walililalamikia baada ya tukio, kwamba anayeshika mnara ndiye anayeshika watazamaji. Walikwenda mahakamani wakidai leseni yao wenyewe. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Septemba 2014, na tarehe 14 Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilichukua mitambo yao huko Limuru. NTV, KTN, QTV na Citizen zikatoweka hewani kwa majuma karibu matatu, kisha zikarudi kupitia msambazaji waliyemuunda kwa pamoja, Africa Digital Network. Mvutano huo ulisimuliwa kama vita vya uhuru wa habari, na kwa kiasi fulani ulikuwa hivyo. Kwa mkazi wa Turkana au Marsabit haukubadilisha kitu. Msambazaji mpya aliyemilikiwa na wenye vituo naye alianza penye watangazaji wa biashara, kama wale wawili waliotangulia.

Katika hali hiyo takwimu za usikivu zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Asilimia ya watu waliofikiwa na asilimia ya ardhi iliyofikiwa ni vitu viwili, na taarifa rasmi hupenda ile ya kwanza kwa kuwa hupanda haraka: miji michache ikishafungiwa mitambo, namba inapendeza. Mwenye kuhitaji kujua hali ya mikoani huuliza ya pili. Tena aliyefikiwa kwenye ramani ni mtu ambaye kompyuta imekadiria kwamba mawimbi yanamfika akiwa na antena ya nje iliyoinuliwa mita kumi na kuelekezwa vizuri. Nyumba ya kawaida ya mkoani ina antena kwenye kona ya bati, mita nne kutoka ardhini. Makadirio kama hayo huitangaza wilaya kuwa imefikiwa, wakati mkuu wa shule ya sekondari hapohapo bado anatafuta fundi.

Pengo lililoachwa na minara lilizibwa na dishi. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huona Namanga na Newala kwa pamoja, na gharama yake haibadiliki kijiji kikiwa na kaya kumi au elfu kumi. Azam TV ilipoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2013, na mechi za Ligi Kuu zikaanza kuonekana kwa dishi dogo, watu wa mikoani hawakuwa na sababu ya kusubiri mnara. Waliosubiri ni wale wasioweza kununua dishi, na wengi wao walitazamia kwenye vibanda umiza: banda la mabati, mabenchi, jenereta nyuma, dishi juu, na kiingilio mlangoni siku ya Simba na Yanga. Masika nayo yalikuwa na lake, kwa maana mvua kubwa hukata mawimbi ya setilaiti ya masafa ya juu, na ikinyesha dakika ya themanini mwenye banda hurudisha fedha au hukimbia.

Dishi lilimaliza kusubiri kwa wengi, lakini lilibadilisha mlipaji. Katika mpango wa minara ya Tanzania, chaneli za kitaifa zisizolipiwa, kama TBC1, ITV, Star TV, EATV na Channel Ten, zilitakiwa kuendelea kuonekana hata kifurushi kikiisha. Katika dishi huduma nzima imejengwa juu ya malipo ya mwezi. Mpaka kati ya mifumo hiyo ulijitokeza wazi mwaka 2018, TCRA ilipozizuia kampuni za setilaiti, ikiwemo Azam, kubeba chaneli hizo za kitaifa kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu kuzionesha ndani ya huduma ya kulipia. Kisheria hoja ilikuwa na miguu: chaneli ya bure isiuzwe. Kivitendo aliyeumia ni mkazi wa mahali pasipo na mnara, ambaye dishi lilikuwa njia yake pekee ya kuona taarifa ya habari ya saa mbili. Mwenzake wa Kinondoni alinunua king'amuzi cha antena, mambo yakaisha. Baadaye utaratibu wa leseni ulirekebishwa na chaneli zikarudi, lakini kipindi kile kilionesha kwamba kanuni iliyoandikwa kwa kudhani minara imefika kila mahali humwadhibu yule ambaye haijamfikia.

Njia nyingine ya kuziba pengo ilikuwa msaada. Kwenye mkutano wa China na Afrika uliofanyika Johannesburg Desemba 2015, China iliahidi kupeleka televisheni ya setilaiti kwenye vijiji 10,000 vya Afrika, na StarTimes ikapewa utekelezaji. Kijiji kilichochaguliwa kilipata madishi kwa baadhi ya kaya na vifaa vya kuoneshea picha, vingine vikitumia umeme wa jua, kwa ajili ya shule, zahanati na ofisi za umma. Miradi ya aina hii huacha swali la siku ya pili: kifurushi kikiisha nani analipa, na kifaa kikiharibika nani anakitengeneza. Mnara una mwajiriwa. Kifaa cha msaada kina kamati, ambayo wajumbe wake huhama, hustaafu na hugombana.

Kwa upande wa sera, nyenzo zipo na si ngeni. Leseni ya usambazaji inaweza kudai maeneo yaliyotajwa kwa majina, wilaya kwa wilaya, badala ya asilimia ya watu, na adhabu ikaambatanishwa na kila wilaya iliyorukwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukilipia sehemu ya gharama za minara ya simu mahali ambapo kampuni zisingekwenda zenyewe. Utaratibu huohuo unaweza kulipia mitambo midogo ya kujaza mabonde, hasa pale ambapo mnara wa simu, umeme na njia ya kufika tayari vipo na kinachokosekana ni kifaa na antena. Kiwango cha DVB-T2, kilichotolewa mwaka 2009, hubeba data nyingi zaidi kwenye masafa yaleyale, au humruhusu mhandisi kuchagua chaneli chache zenye mawimbi magumu yanayofika mbali. Mjini msambazaji atachagua chaneli nyingi, kwa sababu anauza vifurushi. Kwa Lindi na Katavi chaguo la maana ni lile la pili: chaneli sita zinazoonekana zina faida kuliko thelathini zinazogandaganda. Hakuna sababu ya kiufundi ya kurusha kwa mpangilio mmoja nchi nzima.

Jambo la mwisho linahusu masafa yaliyoachwa wazi. Moja ya hoja kubwa za kuhama ilikuwa kwamba dijitali, kwa kubana vituo vingi kwenye chaneli moja, ingeacha masafa ya kutosha kwa ajili ya intaneti ya simu. Hilo limetimia. Masafa ya megahezi 700 na 800, yaliyokuwa ya televisheni, yamegawiwa huduma za simu, na mwaka 2018 TCRA ilinadi sehemu ya yale ya 700. Masafa hayo husafiri mbali kuliko mengi ya yale yaliyokuwa yakitumika kwa intaneti ya simu, hivyo yanafaa mno kwa vijijini, na kampuni za simu zina sababu ya kibiashara ya kuyapeleka huko. Matokeo yake ni kwamba kijana wa kijiji kisicho na mnara wa televisheni huweza kutazama taarifa ya habari kwenye simu, kwa mawimbi yaliyokuwa yametengwa kwa ajili ya televisheni ambayo haikumfikia. Bei ndiyo tofauti. Kwa antena, saa ya pili ya kutazama haiongezi gharama yoyote. Kwa simu, saa moja ya picha ya ubora wa kawaida hula nusu gigabaiti hadi gigabaiti nzima, na familia ya watu sita haiwezi kukaa mbele ya kioo cha inchi sita. Maadamu bei ya bando iko hivyo, intaneti haiwezi kuhesabiwa kuwa mbadala wa mnara katika mipango ya wilaya, ingawa tayari inahesabiwa hivyo na wale wanaotafuta sababu ya kutoujenga.